Hesabu kwa Lita

Mtaa wetu unaitwa Essence, nami nauza esansi.
Usicheke, mzaha huu sikuuchagua mimi.
Meza moja, chupa kumi na mbili zilizosahau maji,
faneli ya kopo, kitambaa, kipande cha sabuni.
Bukavu nzima inaniita Kadhafi. Jina langu Nsimire.

Likelemba ya mwezi wa tatu imeniangukia.
Nabintu alipopata zamu yake alinunua mabati, tukapiga vigelegele.
M'Cibalonza alinunua mbuzi, mbuzi akafa, tukalia naye.
Mimi nikasema: yangu naenda kuila vumbini.
Naivasha. Pasaka. Mbio za magari.
Kimya kikaanguka kati yetu kama sufuria.
"Magari?" akauliza Nabintu. "Kwani hapa hayapiti?"

Yanapita, dada. Nayasikia mwaka wa kumi na tisa huu.
Naijua kwa sikio Fuso iliyochoka pistoni
kabla haijakunja kona ya kwa Mushagalusa.
Naijua pikipiki iliyonyweshwa mafuta ya taa
(si kwangu; huyo ni Ciza, ng'ambo ya barabara).
Lakini yote niyasikiayo yanatembea yakiomba radhi,
shimo kwa shimo, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza.
Bado sijasikia injini iliyoachwa imalize sentensi yake.

Basi nahesabu, na hesabu yangu haijui ila lita.
Kuvuka Ruzizi: lita mbili, karatasi zikiwa na afya.
Sindano na kadi ya njano: lita kumi na mkono kuvimba.
Kamembe hadi Kigali, kupita msitu wenye baridi: lita saba.
Kulala kwa binti wa shangazi: bure,
yaani kilo mbili za sambaza na maswali hadi usiku wa manane.
Kigali hadi Naivasha: ishirini na sita,
na kumwomba dereva asinipitishe nikiwa usingizini.
Kurudi sijapiga bado. Kurudi kuna njia yake.

Birindwa, mume wangu, alisikiliza akimenya muhogo.
"Wanaondoka Naivasha asubuhi, jioni wako Naivasha.
Mafuta yote yale! Hiyo si safari, ni ugonjwa."
Mtu huyu, tangu anioe,
asubuhi anatoka nyumbani, jioni yuko nyumbani.
Sikumjibu.

Akonkwa, kitinda mimba, ndiye aliyenichoma.
"Mama, utasimama juani tangu alfajiri,
gari litapita sekunde tatu, halafu vumbi."
Sekunde tatu.
Nimekaa na hesabu hiyo siku mbili, sikula vizuri.
Kisha nikakumbuka: mteja wangu akaaye sana
hukaa dakika moja, nusu yake akibishia bei,
na kwa huyo nasubiri mchana kutwa.

Noti ya dola ishirini ina mpasuko,
mdogo, kama ukucha wa mtoto. Hata Nyawera wameikataa.
Nimeipiga pasi, nimeilaza katika kitabu cha nyimbo,
kurasa za mazishi, ambako hapafunguliwi bila sababu.

Imebaki meza. Siku nane, nani ataichunga?
Jana akavuka Ciza, yule yule wa mafuta ya taa,
miaka yote hii hatujasalimiana ila kwa kikohozi.
Akasema atauza zangu na zake, kila faneli na chupa zake,
pesa zangu katika kopo langu.
"Na wewe unataka nini?"
Akatazama barabara. Ilikuwa inapita Fuso,
akainamisha kichwa kidogo, upande, kama mimi.
"Vumbi," akasema. "Uniletee kidogo, kwenye chupa."

Chupa nimeichagua, ile yenye kifuniko cha buluu.
Naisuuza kwa ndimu, kwa majivu, kwa ndimu tena.
Harufu haitoki.
Basi, na vumbi nalo lizoee.