Kumi na Tisa kwa Penseli

Tulimng'oa mzee dizeli Jumanne, kwa mnyororo na matusi.
Alitoka kama gego bovu:
damu nyeusi, harufu, halafu shimo
ambalo ulimi hauachi kulirudia.
Okethwengu akamlaza juu ya gunia, akampapasa mgongo,
"Umekula vya kutosha, baba,"
na Masese nzima ikasikia ukimya.

Mahali pake nikapanga seli kumi na sita,
kila moja uzito wa kichanga aliyeshiba,
volti arobaini na nane zimetulia chini ya mbao,
na mota isiyozidi sufuria ya chai.
Watoto wa mwaloni walicheka: hii ndiyo itasukuma?
Balironda hakucheka.
Yeye alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kiwanja cha Bugembe.

Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile:
"Naigaga, inafika wapi?"

Nikafungua daftari.
Mzee, mashua haina jibu moja.
Ukienda kilomita saba kwa saa, inakula kilowati mbili.
Ongeza mwendo robo tu,
njaa yake inakuwa maradufu:
hii ni haraka iliyopigwa kipeo cha tatu.
Ndani mna tisa nukta sita, lakini usizihesabu zote,
fungu moja katika matano ni mbegu,
na mbegu hailiwi.
Zinabaki saba na kitu.
Saa nne kasorobo, basi. Kilomita ishirini na sita.
Ukijikokota, arobaini na mbili.
Ukikimbia, kumi na saba,
kisha utafute kasia.

Alinisikiliza kama anayesomewa hukumu.
"Dizeli hakuniuliza hesabu. Akiisha, nanunua jerikeni."
Jerikeni ya umeme, mzee, haiuzwi ziwani.

Jumamosi tukaelekeza omo Samuka.
Hapakuwa na sauti ila maji,
na tumbo la Okethwengu.
Minandi hawakuruka hata tulipowapita karibu;
mmoja alitutazama kama karani mwenye foleni.
Ile mistari ya kijani ya maji ya zamani
ilikuwa vidole viwili juu ya maji ya leo.
Tulikuwa wepesi. Nilijisifu moyoni.

Halafu kusini kukaamka.
Themanini na tatu.
Sabini na moja.
Mawimbi mafupi, ya hasira, ya kukata kauli.
Hamsini na nane, na mota ikaanza kunguruma
kama mtu anayeongea na chakula mdomoni:
magugu-maji yalikuwa yameikaba rafadha.
Balironda alivua shati bila neno,
akashuka shetrini na kisu cha kumenyea ndizi.
Mimi nilishika daftari, kurasa zimelowa,
nikaona kosa langu lote kwa wino uliovuja:
nilikuwa nimehesabu maji yaliyolala.

Arobaini na nne.
Masese kule nyuma, nyembamba kama ukucha.

Sasa hakuuliza inafika wapi.
Alijifuta mikono, akavuta kamba,
na lile tanga nililotaka liuzwe
likapanda na kiraka chake cha gunia la sukari.
Nikazima mota.
Upepo ule ule uliotutafuna
ukatuchukua kwapani kuturudisha nyumbani,
na kule chini rafadha ikazunguka yenyewe,
wati thelathini, wati hamsini,
kama jirani anayerudisha bakuli lako
na mayai mawili ndani.

Tulifunga kamba tukiwa na arobaini na tano.
Moja. Nililitazama lile moja
kuliko nilivyowahi kutazama mshahara.

Usiku, kwenye taa, nikafuta ishirini na sita kwa mpira,
nikaandika kumi na tisa, kwa penseli.
Balironda akaninyang'anya penseli ile.
Kwa mwandiko wake wa karani wa reli, herufi zimesimama wima,
akaongeza pembeni:

*na upepo.*