Linapumua Lenyewe

Hapa La Paz hewa ni haba, hata kiberiti hubembelezwa.
Gari la Plácida lina turbo: moshi unaotoka
huzungusha feni, feni hushindilia hewa kifuani mwa injini,
na La Cumbre huipanda akitafuna mahindi makavu.

Langu halina. Silinda sita zilezile, mstari mmoja,
huvuta kile zinachokipata.
Kona ya tatu nashusha gia, kisha tena,
malori ya bia yananipita.

Lakini tukiteremkia Yungas, hewa inaponona
na kunukia kahawa, naigusa pedeli tu, nalo limeshajibu;
lake hufikiri kwanza, hupiga mbinja, ndipo liruke.
Pale ukingoni, hiyo "ndipo" ni ndefu.

Baba, aliyeacha mapafu yake mgodini Huanuni,
hukaa kati ya magari mawili, mtungi wa oksijeni magotini.
Juzi Plácida alimuuliza lipi bora.
Akavua barakoa, akasikiliza langu likinguruma polepole.
"Hili," akasema, "linapumua lenyewe."

Akairudisha barakoa.
Kisha akapanda la Plácida,
maana hospitali iko El Alto, juu.