Miraba

Harusini wakiniuliza kazi yangu, husema: kompyuta.
Basi. Nani atasikiliza zaidi, na sinia ya haluwa inapita?

Kweli yenyewe: nakaa Maskati, ghorofa ya tatu,
na mbele yangu ni Fahud, si jangwa lake, chini yake,
kilomita mbili chini, limekatwakatwa miraba
milioni moja na laki mbili,
kila mraba na mwamba wake, maji yake, mafuta yake kiasi.
Upepo sikuuweka. Haukuombwa.
Wala wale vijana wa Kerala kambini
wanaoanika mashati uzioni.

Nikibonyeza hapa, miaka arubaini inapita
kabla karaki haijapoa.
Kisha natazama: kisima cha kweli kilitoa nini mwaka themanini na sita,
na changu kimetoa nini?
Havilingani. Nalegeza mwamba kidogo, narudisha wakati,
naendesha tena. Yaliyopita
nayasahihisha mpaka yafanane na yaliyopita.

Mundhir, meza ya jirani, sambusa mkononi:
"Na sisi je? Pengine tumo ndani ya mashine ya mtu,
na leo ni mara yake ya tisini."
Nikamwambia afute mafuta kwenye kibodi.

Lakini usiku, narudi Al-Khudh kwa barabara kubwa,
taa, mtende, taa, mtende, taa,
mtende ule ule. Nikaanza kuhesabu, nikaogopa kuhesabu.
Utotoni nilimuuliza mama mazigazi ni nini.
Maji, alisema, ambayo gari haliyafikii.
Akaongeza sauti ya redio.

Na kisima namba saba?
Hesabu zangu ziliapa mafuta. Wakachimba: maji ya chumvi.
Mkubwa wetu hakusema kisima kimekosea.
Hakuna aliyewahi kusema kisima kimekosea.
Nikajipoza kwa hilo siku mbili nzima:
kweli ni ile inayokukatalia.
Siku ya tatu mashine nayo ikanikatalia.

Alhamisi umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi.
Miaka arubaini, miraba yote, na ule ufa wa kaskazini
nilioufinyanga wiki tatu,
giza.

Nikasema, kwa sauti, inna lillahi.
Kisha nikaona haya,
nikatazama mlangoni, nikatazama dari,
kama mtu aliyeonwa.