Kifuniko cha Tanki

Ndani ya kifuniko cha tanki pana kibandiko,
maandishi ya Kijapani, meusi,
kama sisimizi waliofia mstarini.
Miaka miwili nakifungua, nakifunga,
sijui gari langu linaomba nini.

Nilikuwa mtu wa elfu tano.
Elfu tano asubuhi pale Kikuyu,
elfu tano jioni nikitoka Mpunguzi na zabibu.
Taa ya njano iliwaka hata nikaiona pambo,
kitu kilichokuja na gari,
kama redio isiyoshika stesheni.

Siku nikiuza vizuri, nilinunua ya ghali,
ile ya bomba la pembeni, jina refu, bei ndefu.
Nilisema: Probox nayo ionje vya wakubwa.
Haikuongeza hata mbio za mbuzi.
Siku nikiuza vibaya, nilisimama njia panda
kwa kijana mwenye chupa za maji
na ndani yake si maji,
rangi ya chai iliyolala.
Sikuuliza. Bei ilinifunga mdomo.

Ikazimika karibu na Bihawana, saa saba mchana,
makreti kumi na manne nyuma,
jua la Ugogo juu.
Nyuki walifika kabla ya fundi.

Chidumizi alichomoa pampu ya mafuta,
akaipangusia juu ya gazeti la juzi.
"Soma," akaniambia.
Palikuwa na tope jekundu, la kwetu kabisa,
limefunika habari zote za michezo.
"Mwenye kuishi chini ya tanki
hula vya chini ya tanki."
Akanitajia bei. Nikakaa chini.

Ndipo nikaanza kwenda kwa Sechelela,
bomba namba tatu, kofia imefifia.
"Zima injini. Simu iache ndani.
Petroli au dizeli? Sema kwa mdomo wako,
mimi sikisii magari ya watu."
Kisha akanigeuza kwa bega:
"Tazama sifuri kwanza. Hapa macho hulipa kabla ya mkono."

Nilimwonyesha kibandiko.
Hajui Kijapani. Lakini sisimizi hawa, alisema,
amewaona kwenye Probox mia,
na aliwahi kumuuliza aliyejua.
"Linataka ya kawaida.
Iliyo safi, lakini ya kawaida."

Nilisimama pale na risiti mkononi.
Kumbe siku zote halikuwa na makuu.
Liliandika, likabandika mlangoni,
mimi ndiye niliyekuwa nikilitafutia ukubwa
na kulinywesha uchafu, kwa zamu.

Mpini ukalia: tak.
"Ongeza kidogo, ifike elfu arobaini kamili."
"Limesema basi," akajibu, akachomoa.
"Ukijaza hadi shingoni, joto la mchana
litayatafutia mafuta mlango."
Na siku nyingine, lori lilipokuwa linashusha,
alinifukuza kabisa: "Kanywe chai.
Chini kumetibuka. Rudi baadaye."

Sasa mshale ukifika nusu, naingia.
Risiti nazibana juu ya kioo,
kilomita naziandika kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu zake za kugawanya.

Juzi nilimpelekea kishada, cheusi, kimeiva.
Hakukipokea.
"Kiweke pale kivulini," akasema,
"mikono yangu bado inanuka kazi."
Akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu:
"Zima injini."