Hakioti, Hakiozi

Kitendawili.
Nimekizika mara saba, mara saba kimefufuka.
Hakioti, hakiozi.

Jembe langu hukijua kabla yangu.
Likigonga jiwe hupiga kelele,
likikigusa hiki huteleza, hunyamaza,
kisha huinuka na kitambaa cheusi kinachoning'inia
kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa.

Hiki ni kiriba cha miche ya kahawa,
mwaka ule mto ulipobeba daraja.
Hiki ni kipande cha matandazo ya vitunguu;
bwana wa mradi alisema, kiondoeni kikichakaa.
Kilichakaa kwa hasira. Nilipovuta mkono mmoja
mikono kumi ilibaki udongoni.
Na hii ni chupa ya dawa ya viwavi:
fuvu lake limefutika meno, kizibo bado kinanuka.

Nilichoma. Nani hakuchoma, Mubuku nzima?
Moshi ulilala juu ya mifereji, mzito, utamu wake wa uongo,
na mtoto wa Thembo akakohoa
tangu kupalilia hadi kuvuna.

Kisha mbuzi wangu Kipusa
akafa njaa tumbo limejaa.
Mchinjaji alipompasua alitoa furushi,
akalikunjua polepole juu ya jani la mgomba,
tukainama sote tukasoma:
MBEGU BORA. KILO MBILI.

Ithungu alikuja kwa baiskeli,
mgongoni mizani ya ndoano, ile ya kupimia kahawa.
"Nanunua uchafu wenu."
Tulicheka mpaka tukakaa chini.
Wanunuzi wa Kampala wanataka chupa za soda,
safi, zinazong'aa kama wageni wa harusi.
Cha shambani nani atakitaka?
Nusu yake udongo,
na nusu iliyobaki jua limeitafuna ikawa makapi.

Hakucheka.
"Udongo ni wako, kung'uta urudishe.
Mimi sikuja kununua shamba."
Na chupa za dawa, akasema, suuza mara tatu,
maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia,
yasiende mferejini;
halafu itoboe kitako,
isije ikapewa kazi ya kubeba maziwa.

Nikamkumbuka mama
na chumvi yake, miaka yote, ndani ya chupa ya bluu.
Sikusema kitu. Nilitafuta msumari.

Nyuma ya kinu cha pamba kilichokufa
Bwambale anakoroga pipa, pua amefunga kitambaa:
viriba, magunia ya mbolea, mchanga wa mto.
Uji mweusi unaingia kwenye kalibu
na kesho yake inatoka nguzo,
nzito, sura mbaya, haiombi radhi.
Chupa za dawa hazichanganywi humo.
Zimefungiwa stoo, zinangoja gari
tuliloahidiwa tangu Pasaka.
Na mipira ya matone bado imemshinda Ithungu;
imejikunja kando ya ukuta
kama nyoka waliokosa shimo.
"Hiyo sijui," husema, na hurudia kupima.

Magunia yangu sita yalitoa shilingi elfu nne na mia mbili.
Nikazitazama zile noti, nikamrudishia.
Nikaomba nguzo.

Mchwa wamekuja, wameonja, wamekwenda zao.
Mvua ya Machi imeiosha bila kuipunguza.
Nimemfunga hapo binti wa Kipusa.
Anainusa, anaipiga pembe,
anarudi nyuma hatua tatu
kama mtu aliyeitwa jina la ukoo wake na sauti asiyoijua.

Mmenipa mji? Haya, nategua.
Nimekizika mara ya nane.
Safari hii
nimekiacha kichwa nje.