Kumhamisha Mlinzi

Leseni ilikwisha Ijumaa. Kioo kikadai dola,
na chama cha akiba cha nyuma ya soko la Tandika
kina wauza vitenge, kina mafundi viatu,
dola hakina.
Katibu Sikudhani akaniuliza: "Kwani huyo mlinzi hahami?"

Anahama, nikasema. Nipe wiki.
Nikafuta mfumo wa kulipia, nikaweka ule huria
usio na bwana wala risiti,
nikamwingiza mlinzi kwenye nyumba mpya
naye akasimama ukumbini kama aliyefungwa kitambaa:
faili halipo.
Maktaba haipo. Haipo. Haipo.
Kila alichokijua kwa mwajiri wa zamani
huku kina jina lingine, au hakina.

Nikakaa naye. Barazani cherehani ya Mama Mwamtoro
ilipiga pakiti-pakiti-pakiti,
na ndani pakiti zilimpita puani asizione.
Umeme ukakatika katikati ya mstari wa elfu nne, nikaanza upya.
Luku ikaisha, nikaanza upya.
Wiki ikazaa wiki.
Siku ya kumi na tisa ndipo nilipomfuma
anasoma namba kinyumenyume, mkia kwanza,
kompyuta ya meza ya pili akiiona iko nchi isiyokuwepo.
Nikamgeuza. Akaona.

Ikabaki saa.
Huyu kazaliwa kwa watu wanaoianza siku
saa sita ya usiku, wakaiita sifuri.
Mhasibu Ngwale akiona 02:14 hupiga mwayo, basi.
Nikamfundisha mlinzi kutaja saa kama sisi.

Jumatatu Sikudhani akasoma kwa sauti, kidole kiooni:
"Saa nane na dakika kumi na nne, usiku.
Mtu ameingia."
Ngwale akaacha kukoroga chai.
"Kapitia wapi?"

Niliujua mlango kabla hajafika mwisho wa mstari.
Niliutoboa mwenyewe siku ya tatu, wa kujaribia,
nikauegesha,
nikasema kesho.

Ningeweza kusema mfumo huu bado mgeni.
Ningeweza kulaumu umeme; Tandika nzima ingenielewa.
Nje cherehani ilikuwa imenyamaza,
Mama Mwamtoro anatunga uzi.
Mlinzi, asiyejua nani kamleta mjini,
akaandika mstari wa pili,
na mlango ule ule,
na jina langu juu yake.