Makoti ya Ukumbi wa Banba

Januari nilikabidhiwa kulabu mia tatu na kumi,
tiketi za karatasi rangi ya waridi,
na Dympna Geraghty wa kunifunza kazi:
"Koti la mwanamke likunje bitana nje.
La mwanamume, usilinuse."

Nililinusa.
Grisi ya kiwanda cha magari, mvua ya Coventry,
na sabuni iliyopakwa mbio mbio saa moja jioni.
Mchana niliosha migongo ya wagonjwa hospitalini;
Ijumaa na Jumamosi nililinda migongo mitupu.

Februari, kodiani mbili na mwimbaji
aliyesahau ubeti wa tatu kila wiki.
Ukumbi mzima ukamkumbusha.

Kisha Kwaresima.
Kwao, alisema Dympna, padri hufunga kumbi siku arobaini.
Nikamwambia naelewa: kwetu Tanga, mwezi wa Ramadhani,
hata santuri ya mjomba ilifunikwa kitambaa.
Lakini mwanamuziki hali majivu.
Bendi zikavuka kwa meli ya usiku,
zikatujia na suti za buluu zilizofanana,
na tarumbeta, na saksafoni, na njaa.

Sijui waliimba nini.
Kutoka chumba cha makoti husikii maneno,
wasikia sakafu.
Naweza kukwambia nani alicheza na nani
na nani aliachwa ukutani, kwa visigino tu.

Fintan Mulqueen, mpiga tarumbeta, akaacha koti:
namba arobaini na moja.
"Nitalirudia," akasema, kama wasemavyo wote.
Usiku ule kulabu ziligongana zenyewe
kama meno ya mtu mwenye homa.

Hakurudi.

Mei ukaja mtindo.
Dublin imebadilika, akasema Bwana Tuohy mwenye ukumbi,
watu wanataka wachunga ng'ombe.
Gitaa la kulaza mapajani, kofia pana, huzuni ya taratibu.
Wapiga tarumbeta wakaachishwa kazi mmoja mmoja
kama taa za wodini zinavyozimwa.
Kijana wa Mayo, asiyewahi kuona jangwa ila la mchuzi kukauka,
akaimba jangwa,
na wanaume wa kiwandani wakalia, machozi kweli.
Sikuwacheka. Mimi mwenyewe nimelia
kwa rumba ya Kikongo nisiyoelewa hata neno.

Agosti, joto. Nani avae koti?
Kulabu tupu mia tatu na tisa.
Dympna akalivaa la arobaini na moja, akazunguka,
mfukoni tukakuta kipulizio cha shaba ndani ya leso
na tiketi ya meli ya kurudi, imepitwa na tarehe.
Nilikipuliza. Kililia kama mwanambuzi.
Tulicheka mpaka Bwana Tuohy akaja kuuliza nani amekufa.

Septemba Dympna akaolewa, akahamia Leicester.
Oktoba vijana wakagundua mtu mmoja na santuri
ni rahisi kuliko watu tisa na chakula chao.

Novemba, zamu ya usiku,
nikasoma ubao wa kitanda cha dirishani:
Mulqueen F. Kiwandani. Mashine. Vidole viwili.
Nikauliza upesi mkono upi, kabla ya kuuliza hali.
Wa kushoto. Tarumbeta hupigwa kwa wa kulia,
lakini sikusema, maana alikuwa akinitazama
kama mtu aliyekwisha kuliwaza hilo kutwa nzima.

"Koti lako ninalo," nikamwambia.
"Lipi?"
Nikamtajia namba.
Akanyamaza, kisha: "Unaweza kuniletea?"
"Tiketi iko wapi?"
"Ilipotea, sista."
"Sheria ni sheria. Bila tiketi, shilingi moja."

Alicheka hadi mgonjwa wa jirani akalalamika,
na mimi nikalazimika kumwambia, kwa sauti ya kazi,
Bwana Mulqueen, watu wamelala.

Shilingi bado namdai.
Koti alichukua. Kipulizio alikiacha mezani,
juu ya leso iliyokunjwa, upande wangu wa kitanda.